Keith Amebaki na Jicho Moja

Harthorpe, Derbyshire
Jumapili, tarehe 5 Novemba

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba bahari ya huko Lerwick imetulia walau kiasi cha kukuwezesha kuisoma bila kushikilia meza. Sisi huku hatujambo. Mama ni mzima, ila kikohozi chake cha kila Novemba kimeshawasili, naye anakipokea kama mgeni ambaye tabia zake zinajulikana: anakiwekea ndimu na asali na kungoja kiondoke chenyewe. Paka amenenepa. Mimi sijambo kabisa. Alama zangu za hesabu zimepanda, na nakueleza mapema ili tulimalize hilo, maana kila ninapokupigia simu na kukaribia jambo lenyewe unaniuliza hesabu, na tukishamaliza hesabu mtandao wa melini unakatika. Ndiyo sababu nimechagua barua. Mwalimu Hallam anatufundisha kwamba barua inaishinda simu kwa kitu kimoja: msomaji hawezi kumkatiza mwandishi. Nakuomba basi usinikatize, na usiruke hadi mwisho. Nakujua, hata gazeti unalianzia nyuma.

Jambo lenyewe ni la klabu, ile ya vita vya mezani vya vijisanamu. Nafahamu kwamba nikitaja klabu wewe huinuka kwenda kutazama kama gari limefungwa. Safari hii gari liko huku na wewe uko Lerwick, visiwani Shetland, kwa hiyo naona nimepata nafasi.

Ukumbi wa kanisa tunamokutana unavuja pale pale ulipouacha. Kipasha joto bado kinagonga ndani kwa ndani kama mtu aliyefungiwa, na Mjomba Clive, rafiki yako wa utotoni ninayemwita mjomba kwa mazoea tu, bado anakijibu, anakiambia kivumilie tu, wote tumefungiwa. Bwana Pegg anatimiza miaka sabini na tisa mwezi ujao na bado ndiye mshika funguo, mwamuzi wa mchezo na mchemsha chai. Mwanachama mpya ni Meera, daktari wa meno wa mtaa wa stesheni, aliyejiunga baada ya wewe kuacha kuja. Anapaka vijisanamu vyake kwa vifaa vya kazini, na Mjomba Clive hufumba mdomo kila anapomwona navyo. Mimi nikiwa mdogo kuliko wote ndiye ninayefuta vumbi kwenye kabati la vioo. Najua ilikuwa kazi yako ukiwa na umri wangu, kwa sababu umeandika jina lako kwa msumari chini ya rafu ya pili, na Mjomba Clive ameandika lake juu yake.

Mwalimu Hallam anasema pia kwamba msimulizi mzuri hapiti njia ya mkato kwa kusema “unajua,” bali hueleza. Nitaeleza basi hata yale unayoyajua kuliko mimi.

Kila Jumamosi ya mwisho ya Novemba klabu yetu hupigana Mapigano ya Kivuko. Mto ni pazia la bafuni la Bibi, mama yako. Vilima ni vitabu vilivyofunikwa kitambaa cha kijani. Majeshi ni yale yale ya madini ya risasi mliyoanza nayo wewe na Mjomba Clive mkiwa na miaka tisa, juu ya zulia la Bibi, kwa rula ya shule na dadu mlizozitoa kwenye mchezo wa nyoka na ngazi bila ruhusa. Askari wengi wamepoteza mikuki na wawili hawana vichwa, lakini hakuna aliyewahi kustaafishwa. Na kwenye kivuko husimama Keith, joka la risasi lenye ukubwa wa shomoro. Ulimpaka kwa rangi iliyobaki baada ya mlango wa bafuni kupakwa, ukitumia brashi ya kupakia siagi kwenye keki, ukamtia macho mekundu kwa rangi ya kucha ya Bibi. Jicho moja likatoka kubwa kuliko lenzake. Siku hizi kuna majoka ya plastiki yenye magamba unayoweza kuyahesabu moja moja. Meera analo moja. Likiwekwa karibu na Keith linaonekana kama mtu aliyekuja na suti kwenye kikao cha ndugu.

Keith hufa raundi ya kwanza. Ni desturi. Akianguka watu wote husimama, Bwana Pegg huvua kofia na kusema, “Alijitahidi,” na ndipo chai humiminwa. Haimiminwi kabla. Keith amekufa mara thelathini na tisa, na sidhani kama kuna joka jingine Uingereza lililotumika kwa uaminifu kiasi hicho.

Siku ile ya miaka miwili iliyopita nilikuwapo, nimekaa juu ya rundo la viti, kwa hiyo hili sikusimuliwa. Bibi alikuwa amefariki wiki tatu kabla. Ulihitaji sita ili Keith asife. Uliitikisa dadu muda mrefu hadi Mjomba Clive akakuuliza unaitikisa au unailea. Ukarusha. Dadu ikabingirika mpaka kwenye kisosi, ikaegemea biskuti ya kastadi, ikasimama upande. Wewe ukasema ni sita. Mjomba Clive akasema dadu iliyoegemea hurudiwa, ni Kanuni ya Tatu, na mwandiko wenyewe ni wako. Mkamgeukia mwamuzi, naye alikuwa amewapa mgongo anaangalia birika. Ukarudia, ikaja moja. Bwana Pegg, bila kujua lililotokea, akavua kofia akasema alijitahidi. Wewe ukamwambia Mjomba Clive kwamba miaka yote hiyo amekuwa akimuua Keith kwa uroho wa chai. Yeye akakujibu kwamba mtu mzima halilii joka. Ukafunga sanduku lako la askari vishikizo vyote viwili, nasi tukarudi nyumbani ukiendesha polepole kama unayebeba mayai.

Mwaka jana mwisho wa Novemba ulipata zamu ya ziada. Mwaka huu umetuandikia tena kwamba zamu yako inaisha tarehe 23, lakini utabaki kumsaidia mwenzako kutengeneza meli hadi mwezi ujao. Mama alisoma ujumbe huo akasema meli za huko zina adabu sana, zimechagua kuharibika wiki moja tu ya mwaka mzima. Mapigano ya safari hii ni ya arobaini, na yako tarehe 25. Ninakuomba uje. Hilo ndilo ombi langu, na nimeliweka hapa katikati ili lisionekane kama limejificha. Sasa niruhusu nikueleze kwa nini huenda hutaweza kukataa.

Jumamosi ya wiki iliyopita Bwana Pegg alifungua kabati ili tuanze kuwahesabu askari. Nilikuwa nyuma yake nimeshika kitambaa cha vumbi. Aliinamia rafu ya pili, kisha akauliza kwa sauti ya mtu anayeuliza basi la saa ngapi, “Huyu ni nani?” Mjomba Clive akasogea. Meera akasogea. Keith alikuwa amesimama mahali pake kwenye rafu ya pili, uchi kabisa, risasi tupu ya kijivu, hana hata chembe ya kijani. Jicho dogo lilikuwa limetoka. Lililobaki ni lile kubwa, jekundu kama siku ulipolitia, na lilikuwa linatutazama.

Mjomba Clive akasema amekuwa kama kuku aliyenyonyolewa. Kisha akaona hakuna aliyecheka, naye mwenyewe hakuwa anacheka, akakaa.

Baba, ilibidi uwepo uwaone wakibishana. Meera kwa nia njema alisema hilo si msiba, yeye anaweza kumpaka upya kabla ya tarehe 25 bila mtu kugundua, aambiwe tu ni kijani gani. Ndipo ugomvi ulipozuka. Mjomba Clive alisema ni kijani cha njegere. Bwana Pegg akasema njegere za wapi, Keith ni kijani cha ukuta wa hospitali. Mjomba Clive akamwambia Bwana Pegg kwamba yeye hospitali ndiko anakoishi, lazima aone kila kitu ni hospitali. Bwana Pegg akamjibu kwamba mtu anayevaa soksi zisizofanana asimfundishe rangi. Meera akatoa simu kuonyesha picha za mwaka jana. Zilikuwa nne, na zilikuwa na vijani vinne tofauti, maana taa za ule ukumbi hazijawahi kusema ukweli. Watu wamemtazama joka mmoja miaka arobaini, na kila mmoja alikuwa na wake.

Mwisho Mjomba Clive akasema wanabishana bure, rangi yenyewe anayo. Akavaa koti akatoka. Alirudi baada ya dakika ishirini, ana utando wa buibui kwenye nywele, amebeba kopo dogo lenye kutu. Ni kopo lile lile la mlango wa bafuni. Alisema Bibi alimpa siku ile ulipomaliza kumpaka Keith, akapake kibanda cha sungura wake, naye kibanda hakukipaka, akaliweka darini kwa mama yake. Mama yake alipohama, kopo likahama. Yeye mwenyewe alipooa, kopo likahama. Mkewe amemuuliza mara nyingi lina kazi gani, naye kila mara hulisogeza nyuma zaidi. Tulilifungua kwa bisibisi. Juu kulikuwa na utando mgumu kama wa uji uliopoa, lakini Bwana Pegg alipoutoboa kwa kijiko, chini yake rangi ilikuwa bado mbichi. Haikuwa ya njegere wala ya hospitali. Wote wawili walisema, “Si niliwaambia?”

Meera akachukua brashi yake nyembamba. Hapo Mjomba Clive akaweka mkono juu ya kopo. Akatoa kabatini daftari la kanuni, lile lenye doa la sharubati kwenye jalada, akasoma kwa sauti. Kanuni ya Nne: hakuna aliye uchi atakayewekwa mezani. Kanuni ya Saba: aliyepaka ndiye atakayepaka tena, mwingine haruhusiwi hata akiwa fundi. Meera akasema kwa upole kwamba kanuni hizo ziliandikwa na watoto wa miaka tisa, na kwamba Kanuni ya Kumi na Moja inamkataza Clive kupulizia dadu pumzi. Mjomba Clive akasema ndiyo, na ameitii miaka arobaini.

Kwa hiyo hali ikawa hivi. Keith haruhusiwi mezani bila rangi. Hakuna mwenye haki ya kumpaka ila wewe. Bila Keith kivuko hakina mlinzi na Mapigano ya Arobaini hayawezi kuanza. Na Keith asipokufa hakuna chai. Bwana Pegg alilifikiria hilo la mwisho kwa uzito mkubwa kuliko yote.

Sasa nafika kwenye sehemu ngumu. Bwana Pegg alikuwa ameacha bakuli kwenye jiko la ukumbi, na ndani yake ameloweka vijizimwi vyake vya zamani ili avipake upya. Anatumia dawa ile ya kahawia ya kuulia vijidudu, ile ambayo ukiitia maji inageuka nyeupe, kama mnavyofanya nyote, kwa sababu inabandua rangi na haiharibu risasi. Mjomba Clive alipouliza nani basi kamvua Keith, Bwana Pegg akatazama lile bakuli, kisha akamtazama Keith, na uso wake ukabadilika. Akasema lazima atakuwa ni yeye. Alimtoa kabatini pamoja na vijizimwi bila kuangalia, akamloweka, akamsugua, akamrudisha, na hakumbuki hata kidogo. Akasema mwezi uliopita alikuta miwani yake kwenye friji. Alisema kama utani, lakini mikono yake ilikuwa inatafuta mahali pa kukaa.

Wiki nzima alikuwa mtu mwingine. Mkewe, Bi Doreen, alimwambia Mama dukani kwamba mumewe ameanza kuandika kila kitu kwenye vikaratasi: nimezima jiko, nimefunga mlango, leo ni Jumanne. Alhamisi Bwana Pegg alimfumia Keith skafu ndogo ya sufu, nyekundu, yenye urefu wa kidole, kwa sababu, alisema, mtu aliyemvua mwenzake nguo kwenye baridi ya Novemba angalau amfunike. Na jana alikuja ukumbini amevaa tai. Akaweka funguo za klabu kwenye kisosi mbele ya Mjomba Clive, na karatasi iliyokunjwa, akasema anaomba apumzike, maana kabati linahitaji mtu ambaye akili yake iko nyumbani.

Baba, nimezunguka vya kutosha. Si Bwana Pegg. Ni mimi.

Nilimchukua Keith tarehe 21 Oktoba wakati wa kufuta vumbi, nikamtia kwenye kopo langu la chakula cha shule. Nilimloweka siku tatu kwenye chupa ya jamu, kwenye kibanda cha bustani nyuma ya mashine ya kukatia majani, halafu nikamsugua kwa mswaki wa zamani. Mama alisikia harufu ya dawa mikononi mwangu akauliza kama nimeumia. Nikasema hapana, ambayo ni kweli lakini si ukweli wote. Jicho dogo lilitoka mapema. Jicho kubwa nililisugua hadi mkono ukauma, halikutoka, na hatimaye nikaacha kwa sababu lilikuwa linanitazama. Nilipomrudisha kabatini nilikuwa nimejiandaa kusema mara mlango utakapofunguliwa. Nilikuwa na maneno yote. Bwana Pegg akayawahi.

Jana nilipoona funguo kwenye kisosi niliinuka. Nikasema mbele ya wote kwamba Bwana Pegg hakumgusa Keith, akili yake iko nyumbani na imefunga mlango, aliyemvua ni mimi, tena kwa makusudi, na nikaeleza chupa ya jamu na mswaki na kila kitu. Nilingoja wanikaripie. Bwana Pegg alitoa miwani akaifuta, akaivaa, akaitoa tena. Akaniuliza nilimloweka siku ngapi. Nikasema tatu. Akasema siku tatu ni kazi ya mtu makini, yeye angemwacha siku moja. Kisha akachukua funguo zake kwenye kisosi haraka kabla mtu hajabadili mawazo, akaichana ile karatasi vipande vinne, akasema anakwenda kumpigia simu Doreen kumwambia kwamba miwani kwenye friji ilikuwa ni miwani tu. Nililia kidogo, nakiri. Alirudi akanipa leso na adhabu: nitaosha vikombe hadi Pasaka. Nimekubali, na vikombe ni vingi.

Mjomba Clive aliniita kando karibu na kipasha joto, akaniuliza kwa nini. Nilimwambia, na sasa nakwambia wewe, maana hili ndilo ambalo barua hii imekuwa ikilitafuta tangu mwanzo.

Sikumvua Keith ili awe mzuri. Mimi nampenda alivyokuwa, na macho yake yasiyolingana. Nilimvua kwa sababu nilisoma Kanuni ya Saba. Nimekuwa nikiisoma tangu mwaka jana, kila Jumamosi, nikifuta vumbi. Nilifikiri kwamba ukiitwa na Mama utasema kazi, na ukiitwa na Mjomba Clive hutapokea simu, na ukiitwa na mimi utaniuliza hesabu. Lakini ukiitwa na kanuni uliyoiandika mwenyewe ukiwa na miaka tisa, kwa mwandiko wako mwenyewe, utakuja. Wewe ni mtu wa kanuni. Ndivyo ulivyonilea. Nisamehe kwa kutumia malezi yako dhidi yako.

Nilimwambia pia Mjomba Clive kuhusu macho. Hakuwa anajua. Nilimwambia macho ni rangi ya kucha ya Bibi, na kwamba siku ile ya dadu Bibi alikuwa na wiki tatu tu tangu afariki, na kwamba labda ulitaka mwaka huo mmoja tu Keith asife, basi. Mjomba Clive alikitazama kipasha joto. Kikagonga, na kwa mara ya kwanza hakukijibu. Akasema alikwenda mazikoni, alibeba jeneza upande wa kushoto nyuma yako, na bado hakufikiria. Alidhani ilikuwa habari ya joka.

Halafu akanituma. Alinifanya nirudie maneno mara mbili ili nisiongeze wala nisipunguze. Amesema: “Mwambie baba yako haikuwa sita. Kanuni ni kanuni. Ila ilikuwa imeinamia sita, na mimi niliona, na ningeweza kunyamaza.” Nikamuuliza kama huko ni kuomba radhi. Akasema yeye si mtaalamu, lakini ndiyo kubwa aliyonayo.

Hiyo ndiyo habari yote. Mama ameshajua, nilimwambia jana jioni wakati wa viazi. Alinigombeza kwa ajili ya Bwana Pegg, na alikuwa na haki. Kuhusu Keith hakunigombeza. Aliacha uma, akaenda kwenye lile kopo la biskuti ambamo hakujawahi kuwa na biskuti, akatoa nyuzi na vifungo na tepu ya kupimia, na chini kabisa akatoa kichupa cha rangi ya kucha ya Bibi. Imebaki kidogo sana, kama matone matatu. Tulikadiria kwamba jicho dogo linahitaji moja.

Kwa hiyo Keith yuko hapa nyumbani kwa ruhusa ya klabu, kwenye dirisha la jikoni, amevaa skafu. Kopo la kijani liko karibu naye, na kichupa chekundu, na brashi ya siagi, ambayo Mama anadai ni ile ile ingawa mimi nina mashaka. Jicho lake linaangalia barabara. Leo, kama kila tarehe 5 Novemba, ni siku ya fataki, na kila inapolia paka hukimbilia chini ya meza, lakini Keith hajapepesa. Vitu vyote vipo, Baba. Kilichobaki ni mkono.

Siwezi kukuahidi kwamba safari hii atapona. Dadu ni dadu. Lakini ile iliyoegemea hurudiwa, ni Kanuni ya Tatu, na naona uliirudia kwa haraka mno, kabla hujawa tayari.

Mama anakusalimu, na anasema kama meli haina budi kuharibika basi iharibike wiki inayofuata. Bwana Pegg na Bi Doreen wanakusalimu. Meera, ingawa hamjazoeana, anakusalimu na kukuuliza kama unasafisha meno ya nyuma. Mjomba Clive hakutuma salamu nyingine. Alisema kilichotumwa kinatosha, lakini alinitazama hadi nilipofika kona, kwa hiyo nakuletea na hizo.

Nakuombea usiku mwema na bahari ya amani, nami nabaki yule yule, mwanao mwenye makosa na matumaini,

Tamsin

Nimesahau moja. Jana kabla ya kufunga ukumbi tulipiga kura: tarehe 25, hadi Keith atakapokufa au atakapopona, biskuti za kastadi hazitakaribia meza. Watatu walikubali, mmoja alipinga. Aliyepinga ni Bwana Pegg. Mjomba Clive ndiye aliyeleta hoja.